Funga daftari kwanza: kudurusu hesabu ukiwa na wiki tisa mkononi

Jumamosi moja binti wa kaka yangu alikuja na kauntabuku lake hapa kibarazani kwangu Chang'ombe, Dodoma, akaketi kando ya cherehani. Kalamu alikuwa nazo nne: nyeusi ya swali, bluu ya njia, nyekundu ya jibu, na ya kijani ya kupigia kanuni mstari. Kwa saa mbili alinakili mifano ya logi kutoka daftari la mwenzake, kurasa zimependeza kama kadi za harusi. Alipomaliza akaniambia, "Shangazi, logi nimezimaliza."

Nikamwambia afunge daftari. Nikachukua chaki yangu ya kukatia nguo, nikaandika kwenye sakafu ya saruji mfano wa kwanza kabisa kati ya aliyonakili, namba kwa namba. Akautazama. Akaandika mstari mmoja, akaanza wa pili, akakwama. Mkono ukaenda kwenye daftari, mimi nikalikalia.

Sikumcheka, maana hata mimi nilidanganywa na daftari zuri. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012, ule ambao matokeo yake yalipotoka mwanzoni mwa 2013 yalizua kelele nchi nzima mpaka Waziri Mkuu akaunda tume. Hesabu nilipata F. Ningeweza kusingizia mengi, ikiwemo shule niliyosoma, ambako kidato cha tatu karibu chote tulikaa bila mwalimu wa hesabu. Lakini hata yale machache niliyofundishwa sikuwa nayajua, nilikuwa nayatambua tu. Mteja akipita dukani namtambua mara moja. Ukiniambia nikupe vipimo vya mabega yake bila kufungua kitabu cha vipimo, hapo ndipo utajua kama ninamjua.

Mwaka 2021 nilirudi kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa sababu chuo nilichokitaka kilidai ufaulu wa hesabu. Nilikuwa na wiki tisa, na mchana wote ni wa wateja. Nikapata C. Kwa hiyo anayewinda A aulize na wengine pia. Mimi njia ninayoijua ni ya kutoka F hadi C, na kwa wanafunzi ninaowaona hapa mtaani, hiyo ndiyo wanayoihitaji.

Anza na pepa, usianze na ukurasa wa kwanza

Mwanafunzi akiambiwa adurusu, anafungua daftari la kidato cha kwanza, mada ya namba, anaanza kushuka taratibu. Zile kurasa anaziweza, kwa hiyo anajisikia vizuri. Anapokaribia miduara, Novemba imeshagonga mlango.

Fanya kinyume. Siku ya kwanza kabisa tafuta pepa moja ya nyuma, kaa saa tatu bila kitabu, bila simu, bila kuuliza mtu. Kisha isahihishe bila kujionea huruma. Mimi nilipata 19 kati ya 100. Niliikunja ile karatasi nikaisukumia chini ya cherehani, kesho yake nikaitoa.

Ukitulia, 19 si mwisho wa dunia, ni mahali pa kuanzia. Pepa niliyoifanya ilikuwa na maswali 14 na yote ni ya lazima: sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B ina maswali 4 ya alama 10 kila moja. D inaanzia 30, C inaanzia 45, B inaanzia 65, A inaanzia 75. Mwenye 19 anahitaji 26 tu kuigusa C. Hizo ni alama za maswali manne na kipande ya sehemu A. Mzigo wa namna hiyo unabebeka kichwani bila kata.

Baada ya kusahihisha, gawa mada zote katika mafungu matatu: ninazoziweza, ninazoanza halafu nakwama, na zile ambazo hata sijui zinaanzia wapi. Watu wengi hukimbilia fungu la tatu kwa sababu linawatisha. Acha. Anza na la katikati, maana pale tayari una alama mbili kati ya sita na unachokosa ni hatua moja au mbili. Kwangu fungu hilo lilikuwa na seti, takwimu, uwezekano, mfuatano wa namba na milinganyo ya mstari mnyoofu. Nililimaliza ndani ya wiki nne. Katika fungu la tatu nilichagua mada mbili tu, nyingine nikaziacha kwa roho safi. Vekta mpaka leo tukikutana hatusalimiani.

Pepa za nyuma zinapatikana kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, na nyingi zinauzwa steshenari zikiwa zimebanwa pamoja. Lakini kwenye tovuti hiyohiyo kuna kitu ambacho wanafunzi wengi hawakijui: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zinakwenda swali kwa swali, zinaeleza waliokosa walikosea wapi, na zinaonyesha picha za karatasi zenyewe, iliyofanywa vizuri na iliyoharibika. Shusha ya mwaka mmoja, chapisha kurasa za mada zako tu. Mimi nilipoona mwandiko wa mtu nisiyemjua amekosea kufungua mabano vilevile ninavyokosea mimi, nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kuna nini.

Namna ya kufunga daftari

Chukua mfano mmoja uliofanywa. Usome mara moja, polepole, kila mstari ukijiuliza: huu umetokaje kwenye ule wa juu yake? Kisha funga. Kwenye karatasi ya ovyo ufanye kuanzia mwanzo. Ukikwama, fungua, angalia mstari uliokwamia tu, funga tena, halafu uanze upya kutoka juu. Hapa ndipo vijana wanaponichukia. Wanataka kuendelea pale walipokwamia, na mimi nakataa, kwa sababu kwenye mtihani hakuna atakayekusukuma katikati ya kilima.

Ukifanikiwa, andika tarehe pembeni kwa penseli. Bado hujamaliza. Urudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Siku ya tatu utakuta nusu umesahau, utajiona huna akili. Ni kawaida kabisa. Ile jasho ya kukumbuka kitu kilichoanza kufifia ndiyo inayokikaza. Ukirudia dakika tano baadaye hujakaza chochote, umeshikiza tu kwa pini.

Jambo la pili, usifanye maswali ishirini ya aina moja mfululizo. Ukifika la nane akili imeshaondoka, mkono unajiendea wenyewe kama cherehani ya umeme. Ukija mtihani, hakuna atakayekuandikia juu ya swali kwamba hii ni ya mfuatano, hii ni ya maumbo yanayofanana. Kutambua swali ni la mada gani ni nusu ya kazi, na nusu hiyo huifanyii mazoezi kama kila siku unafungua sura moja na kukaa humo.

Mimi nilitumia kopo la vifungo. Nilikata pepa za nyuma kwa mkasi, swali mojamoja, nikavikunja vipande na kuvitia koponi. Kila alfajiri nilichovya mkono nikatoa vitatu. Siku nyingine vinatoka vyepesi vyote, unamshukuru Mungu. Siku nyingine vinatoka vitatu vya fungu la tatu, na hapo sheria ni moja: huruhusiwi kurudisha kipande koponi kabla hujaandika angalau mistari miwili. Alama za njia zipo, na karatasi tupu haina njia.

Daftari la kufumua

Fundi mwanafunzi akikosea mshono hatupi kitambaa. Anafumua, na wakati wa kufumua ndipo anapoona uzi ulipopotea. Nilinunua daftari dogo la kurasa 48, nikaliita la kufumua. Ukurasa wa kushoto naandika kosa kama nilivyolifanya, bila kulipamba. Wa kulia naandika sababu kwa maneno yangu ya Kiswahili, kisha nalifanya sahihi.

Baada ya wiki mbili nikalisoma lote, nikashangaa. Nilidhani tatizo langu ni hesabu ngumu. Kumbe karibu nusu ya makosa ilikuwa alama ya kutoa iliyosimama mbele ya mabano. Mfano huu ulikuwa pale zaidi ya mara tatu, umevaa nguo tofauti tu:

3 − 2(x − 4) = 5

Mimi nilikuwa naandika 3 − 2x − 8 = 5. Ile −2 inazidisha pia −4, na hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo ni 3 − 2x + 8 = 5, yaani 11 − 2x = 5, na x = 3. Halafu rudisha 3 pale pa x uone kama inakubali: 3 − 2(−1) = 3 + 2 = 5. Imekubali. Huko kurudisha kunachukua nusu dakika na kumeniokoa kuliko kanuni yoyote.

Kosa jingine lilikuwa la kuona haya, kwa sababu mimi ni mfanyabiashara. Jirani yangu huchukua zabibu Hombolo. Tuseme kreti ananunua 40,000 na kuuza 50,000. Faida yake ni asilimia ngapi? Kila mara nilikuwa najibu 20, nagawanya ile 10,000 kwa 50,000. Faida hupimwa kwa bei ya kununulia: 10,000 kwa 40,000, asilimia 25. Nimeuza nguo miaka mingi bila kujua hilo. Nilipolijua nilifungua daftari la mahesabu ya duka, nikakuta huko pia nimejidanganya.

Usiku kabla ya mtihani wa moko, hili ndilo daftari la kusoma. Yale mengine acha yapumzike.

Swali la kuchora mistari na kutafuta faida

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni mada ambayo wanafunzi wanaikimbia, na mimi naiona ndiyo rafiki wa maskini. Ile ya mkulima na ekari zake, au ya mwenye kiwanda na mashine zake: unapewa vikwazo, unachora mistari, unatafuta faida kubwa au gharama ndogo. Ikitokea sehemu B ina alama 10, na hatua zake hazibadiliki. Ukiijua moja umezijua.

Nimeitunga ya kwangu, ninawafundishia vijana. Fundi ana mita 24 za kitambaa na saa 20 za kazi. Gauni linakula mita 3 na saa 2. Shati linakula mita 2 na saa 2. Faida ya gauni ni shilingi 6,000, ya shati ni shilingi 5,000. Ashone ngapi za kila aina apate faida kubwa?

Mstari wa kwanza kabisa, kabla ya kitu chochote, andika x ni nini na y ni nini: x idadi ya magauni, y idadi ya mashati. Usiseme "x ni gauni". Gauni si namba. Kisha vikwazo. Kitambaa: 3x + 2y ≤ 24. Muda: 2x + 2y ≤ 20, ambayo ukigawa kwa mbili inakuwa x + y ≤ 10. Na viwili ambavyo kila mtu anavisahau: x ≥ 0 na y ≥ 0, maana huwezi kushona magauni hasi matatu. Ni vifupi, ni vya bure, na watu wanaviacha mezani kila mwaka.

Sasa grafu. Mstari wa kitambaa unagusa x kwenye 8 na y kwenye 12. Mstari wa muda unagusa kote kwenye 10. Chora kwa rula na penseli iliyochongwa, na andika skeli. Ili kujua upande unaokubalika, jaribu nukta (0, 0): je, 0 ≤ 24? Ndiyo, basi upande wenye sifuri ndio wetu. Baadhi ya walimu wanataka utie kivuli upande unaokubalika, wengine upande unaokataliwa. Fuata wako, lakini andika pembeni ulichokitia kivuli ni kipi, ili msahihishaji asibahatishe.

Eneo lililobaki lina pembe nne: (0, 0), (8, 0), (4, 6) na (0, 10). Ile (4, 6) ndipo mistari inapokatana; usiisome kwa macho tu kwenye grafu, ihakikishe kwa kukokotoa: y = 10 − x, weka kwenye 3x + 2y = 24, unapata x = 4. Kisha faida, 6,000x + 5,000y, kwa kila pembe. Pembe ya (8, 0) inatoa 48,000. Ya (0, 10) inatoa 50,000. Ya (4, 6) inatoa 24,000 na 30,000, jumla 54,000.

Usiache jibu likining'inia hapo. Andika sentensi: ashone magauni 4 na mashati 6, faida yake ni shilingi 54,000. Swali liliuliza habari za fundi, lijibiwe kwa habari za fundi. Na ukitaka kujiridhisha, hesabu kitambaa: 12 na 12, mita 24 zote zimeisha. Muda: 8 na 12, saa 20 zote zimeisha. Hapo hata mimi ningekubali kufunga duka na kwenda nyumbani.

Tunga za kwako. Mama anauza maandazi na chapati, baba anafuga mbuzi na kuku, kaka ana bajaji. Ukiweza kutunga swali lenye pembe zinazotoka sawasawa, hilo la mtihani halitakutisha.

Jibu lenye akili

Mada ya dunia kama tufe inapenda kuuliza umbali kati ya miji miwili. Vijana wananiletea majibu ya ajabu, wala hawashtuki. Nawapa Dodoma na Dar es Salaam. Dodoma iko karibu na longitudo 35°45′ Mashariki, Dar karibu na 39°15′ Mashariki. Latitudo zao zinatofautiana kidogo, lakini kwa zoezi tuchukulie zote ziko 6°30′ Kusini. Tofauti ya longitudo ni 3°30′, yaani 3.5.

Umbali kwa kilometa ni 3.5/360 × 2 × 3.14 × 6,400 × kosaini ya 6.5°; ile 6,400 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilometa. Kosaini hiyo kwenye majedwali ni 0.9936. Ukikokotoa unapata kama kilometa 388.

Sasa jiulize kabla ya kusonga: inaingia akilini? Basi la Dar linatembea kama kilometa 450 kwa barabara, linapinda Morogoro na kwingineko. Njia ya juu kwa juu lazima iwe fupi kuliko hiyo, na 388 ni fupi. Ungepata 3,880 ungekuwa umefika nchi nyingine. Ungepata 38.8 usingemaliza hata wilaya ya Chamwino. Desimali imehama, irudi ikatafutwe.

Na kwa sababu kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4, jua linatangulia Dar kwa dakika 14. Nilipomweleza binti wa kaka yangu hivyo, alimpigia dada yake aliyeko Temeke saa kumi na mbili jioni kumuuliza kama kumeshaanza giza. Kanuni hiyo hataisahau.

Kiingereza cha pepa

Shule ya msingi tulihesabu kwa Kiswahili, sekondari pepa ni ya Kiingereza, na mtu anaweza kukosa swali analoliweza kwa sababu hajaelewa ameombwa nini. Tenga kurasa mbili za mwisho za daftari la kufumua kwa maneno ya kuamrisha: yale ya onyesha, thibitisha, rahisisha, kadiria, eleza kwa kutumia. Lipo neno moja nalichukia na kulipenda kwa pamoja, "hence". Likionekana katikati ya swali, linakuambia utumie jibu la kipande kilichotangulia. Ukianza upya kwa njia nyingine unapoteza muda, na huenda alama nazo zikaenda.

Mkiwa kikundi, jadilini kwa Kiswahili, au hata Kigogo kama wote mnakijua, mpaka kila mmoja ameelewa. Kisha mmoja aandike kwa Kiingereza cha mtihani. Kikundi kisizidi watu wanne. Wakiwa saba, wawili wanafanya hesabu, watano wanapiga soga na kuita ni kudiskasi. Anayeeleza ni yule aliyeelewa jana, si yule bingwa wa siku zote. Bingwa hakumbuki tena ilivyo kutokujua.

Alfajiri, joto na kikokotoo

Oktoba ya Dodoma unaijua: kufikia saa nane mchana bati linalia, vumbi linaingia mpaka kwenye mkebe wa hesabu, na akili inakuwa uji. Mimi niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapata saa moja na nusu kabla ya kuteka maji na kufungua duka. Jioni nilirudia swali moja tu la asubuhi. Jumamosi mbili kwa mwezi nilifanya pepa nzima kwa saa, nikiwa nimemwachia mdogo wangu duka. Ratiba yako iwe ya mtu unayeishi maisha yako. Nimeona ratiba za rangi zenye saa kumi kwa siku. Zinadumu mpaka Jumanne.

Kikokotoo kwenye pepa yangu hakikuruhusiwa. Majedwali ya Baraza yaliruhusiwa. Soma maelekezo ya pepa yako mwenyewe, lakini kama hali ni hiyo, simu iondoke mezani tangu wiki ya kwanza. Kuzidisha 235 kwa 48 kwa mkono ni ustadi unaokufa haraka, na kutafuta kosaini kwenye majedwali huku mkono unatetemeka ni ustadi mwingine. Fanya vyote viwili mpaka vichoshe.

Siku yenyewe

Saa tatu ni dakika 180 kwa alama 100. Swali la alama 6 lipe dakika 10, la alama 10 lipe dakika 17. Jumla ni 168, zinabaki 12 za kusoma pepa mwanzoni na kurudisha majibu mwishoni. Andika saa ya kuhamia sehemu B kwenye karatasi ya maswali mapema, ukiwa bado na utulivu.

Anza na unaloliweza hata kama ni la tisa, ila namba ya swali iandikwe wazi. Ukikwama dakika zako zikaisha, acha nafasi, hama. Usikate njia yako kwa hasira. Piga mstari mmoja tu ukiwa na hakika una njia bora, maana nimeona mtu anakata sahihi na kuandika kosa. Penseli mbili, rula, bikari iliyokazwa skrubu, kifutio. Usiku uliotangulia hakuna mada mpya. Kula unachokula siku zote. Mimi nilikula ugali wa uwele na mlenda kama kawaida, nikalala saa tatu.

Ukitoka, watu watakuwa wamesimama getini wanalinganisha majibu, mmoja amepata 12, mwingine amepata 21, wanabishana kwa sauti. Pita. Mimi nilipanda bajaji hadi Chang'ombe, nikafungua duka, nikaendelea na pindo la gauni la bibi harusi lililokuwa limekaa kwenye cherehani tangu juzi yake.